Meno Yangu, Kichwa Changu na Hofu Niliyoificha

Wapendwa, nimewasikia wenzangu waliotangulia kutoa ushuhuda, na nimekaa pale nyuma nikishika kitambaa changu mpaka kimelowa jasho. Mwenyekiti akinitazama, mimi natazama chini. Lakini nimesimama sasa. Kuna majina sitayataja, kwa sababu wengine bado wako hapa Kitengela na wengine wametangulia mbele za Mungu. Mniwie radhi nikienda polepole.

Mume wangu aliaga mwaka wa tisini na tisa. Aliugua miezi mitatu. Alikonda, akatoka vidonda mdomoni, na wiki za mwisho kichwa kilichanganyikiwa hata hakumtambua mtoto wake wa kwanza. Alimwita kwa jina la mama yake yeye mwenyewe. Hospitali hakupelekwa ila mara moja, na hapo hakupimwa kitu. Nyinyi mnakumbuka miaka ile. Mtu akikonda na kufa, hakuna aliyeuliza ni nini. Watu walinyamaza tu, na kule kunyamaza ndiko kulikuwa jibu. Kwenye mazishi, kule kwetu Ukambani, nilisikia mama mmoja akinong'ona, "Na huyu bibi yake amebakisha muda gani?" Hakujua niko nyuma yake.

Nikarudi Kitengela na wasichana wangu wawili. Mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo hata kutembea hakujua vizuri. Tulikaa kwa chumba kimoja cha mabati, na mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha nguo, nikawa nashona kola za mashati. Kola tu, kutwa nzima.

Sasa ndugu zangu, nawaambia mahali nilipoanzia kuanguka, na mtashangaa jinsi palivyokuwa padogo. Tumbo lilianza kunichoma. Chakula kikiingia, moto, kisipoingia, moto. Mwenzangu wa pale kazini akaniambia, "Hiyo ni alsa, vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa nayo. Achana na vitu vyote viko na asidi. Machungwa usiguse. Nyanya usiguse. Maharagwe, kabichi, sukuma, pilipili hoho, hayo yote yatakutoboa utumbo." Alisema kwa nia njema, simlaumu. Kuna mtu alikuwa amemwambia hivyo pia.

Nikaacha. Nilikuwa naogopa kufa na kuacha watoto, kwa hivyo niliacha kabisa, si nusu nusu. Asubuhi chai ya maziwa na mkate. Mchana mkate. Jioni uji, au wali mweupe na maziwa. Wasichana niliwapikia sukuma yao na nyanya, nikawatengea, na mimi nikakaa kando na kikombe changu. Na kweli tumbo lilitulia kidogo mwanzoni. Nikajipongeza. Nikasema, si nimepata dawa?

Mwezi wa nne au wa tano wa kula hivyo, nikaanza kuchoka. Sio kuchoka kwa kazi, huko tunakujua sote. Huku ni kuamka asubuhi ukiwa umechoka kama hukulala, miguu mizito kama ya mtu mwingine. Halafu siku moja nilikuwa nasukutua mdomo pale nje, nikatema, na yale maji yakawa mekundu.

Niliyamwagia mchanga haraka, jirani asione.

Kuanzia siku hiyo nilianza kujikagua. Nilifunga mlango, nikavua, nikajitazama kidogo kidogo. Mapajani niliona madoa meusi na ya zambarau, kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyenipiga. Ufizi ulikuwa umevimba hadi umefunika nusu ya meno. Jino moja nililigusa kwa ulimi likacheza. Na unajua nilichokiona kwenye kioo? Sikujiona mimi. Nilimwona mume wangu.

Nikajua imefika. Sikuwa na swali lolote. Nilisema moyoni, ni ile ile, ilikuwa inanisubiri.

Sikumwambia mtu. Nilijifunza kucheka nimefunga mdomo. Kanisani nilikaa mwisho, kwa sababu nikiimba mdomo unanuka na naogopa watu wasogee. Mtoto mdogo akitaka kunibusu, namgeuzia shavu. Fikirini hilo, wazazi wenzangu. Nilimwogopesha mtoto wangu mwenyewe kwa ugonjwa ambao sikuujua jina.

Ningeweza kuvumilia mwili. Kilichonivunja ni kichwa.

Nilianza kusahau. Kwanza vitu vidogo, kama kila mtu. Halafu nilishona kola upande wa ndani ukiwa nje, rundo zima, na supavaiza akalirusha mbele yangu. Nilitazama zile kola na sikukumbuka kuzishona. Mguu wa kushoto ulikuwa unawaka kuanzia pajani mpaka kwenye nyayo, na wakati mwingine unakufa ganzi, nakanyaga pedali ya cherehani bila kujua nimekanyaga kiasi gani. Siku moja sindano ilipita kwenye ukucha. Nilisikia uchungu, lakini nilichelewa kuusikia. Unaelewa? Niliona damu kwanza. Nililia kazini bila sababu. Nyumbani nilinyamaza. Mtoto ananiuliza kitu, namtazama tu, maneno yako mahali lakini sijui ni wapi.

Nikakumbuka mume wangu akimwita binti yetu kwa jina la nyanya yake. Nikasema, sasa imepanda kichwani. Imebaki kidogo. Na hofu, wapendwa, haikukaa moyoni. Ilikaa hapa tumboni, inaamka nikiamka. Nikisikia mtu anabisha mlango, naruka. Nikiona gari la kubeba maiti barabarani, nageuka nyuma nijifanye nimesahau kitu dukani.

Nikaandika barua kwa dada yangu anayeishi Embulbul. Nilimwandikia, nikiondoka uwachukue hawa wawili, usiwatenganishe, mkubwa anapenda hesabu, mdogo analala na taa. Nikaificha ndani ya foronya ya mto. Nilikusudia kuituma nikishindwa kabisa kusimama.

Binti yangu mkubwa alikuwa anatandika kitanda, akaipata. Nilimkuta ameketi sakafuni, barua iko mapajani.

Akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?"

Nikamwambia, "Siendi popote."

"Hapa umeandika ukiondoka."

"Hiyo ni ya zamani."

Akasema, "Ni kalamu yangu ya kijani, mama. Ulininunulia juzi."

Nilimnyang'anya ile barua, na ninaona aibu kuwaambia, nilimpiga kofi. Mtoto ambaye sijawahi kumpiga. Hakulia. Aliniangalia tu, akatoka nje.

Hiyo haikutosha kunigeuza. Mtu akiogopa sana hageuki upesi, anazama.

Ilikuwa ile miezi ya baridi, Julai, upepo unatoka kule kwenye uwanda wa Athi unapita kwa mabati kama hakuna ukuta. Siku hiyo nilikuwa nimeshindwa kwenda kazini. Mkubwa yuko shule. Niliwasha jiko la makaa nje, lilipokolea kidogo nikaliingiza ndani, kwa sababu mdogo alikuwa na mafua. Nikamlaza. Nikafunga dirisha. Nikachukua mtungi niende kuchota maji mara moja, nikafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo nikautia kifuani.

Nikafika kwenye kioski cha maji. Nikasimama kwenye foleni. Na hapo ndugu zangu, kichwa changu kikazima.

Sijui niseme vipi. Sikulala, sikuanguka. Nilikuwa nimesimama, naona watu wanajaza mitungi na kuondoka, na mimi niko tu. Yule wa kuuza maji akaniambia, "Mama, foleni imeisha mara mbili na wewe bado umesimama. Unataka maji ama hutaki?" Nikamtazama. Nikatazama mtungi. Sikujua nimekuja kufanya nini. Nilijua tu kuna kitu. Kuna kitu nimekiacha, kitu kikubwa, na sikikumbuki. Nikaanza kutembea kurudi, mguu mmoja nauburuta, najiuliza ni nini, ni nini, ni nini.

Nilipoona watu mlangoni kwangu ndipo nikakumbuka.

Binti yangu alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Akakuta kufuli. Akaita mdogo wake, hakuitikiwa. Akachungulia kwenye upenyo, akaona jiko. Mtoto wa miaka kumi na moja. Hakukaa kunisubiri. Alikimbia kwenye duka la pale kona, la mama mmoja Mwislamu ambaye kwao ni Garissa, akamwambia, "Mama amefungia mtoto na makaa." Yule mama akatoka na nondo ya kufungulia masanduku, akang'oa kufuli pamoja na kipande cha mlango.

Nilimkuta amemshika mwanangu kule nje, mtoto ametapika, kichwa kimelegea, analia kwa sauti ndogo kama ya paka. Lakini analia. Tukamkimbiza zahanati, wakampa hewa, wakamwangalia mpaka jioni, wakasema atakuwa sawa. Na alikuwa sawa. Namshukuru Mungu, nitamshukuru mpaka nife.

Kesho yake yule mama wa duka alifunga duka lake saa za asubuhi, saa za biashara. Akaja kwangu, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

Akasema, "Dada, binti yako ameniambia kuhusu barua. Ameniambia na damu."

"Damu gani?"

"Wallahi usinidanganye. Fungua mdomo nione."

Nilikataa. Akangoja. Mwisho nikafungua, na nilikuwa nalia. Nilitaka kuona kama atarudi nyuma. Hakurudi nyuma. Alisema tu, "Vaa viatu. Tunaenda Kajiado."

Kwa nini Kajiado? Kwa sababu nilimwambia hapa Kitengela sitaingia hospitali yoyote, kila mtu wa kiwandani ananijua. Yeye akasema basi twende mahali hujulikani. Hakubishana na hofu yangu, aliizunguka tu.

Daktari aliyetupokea alikuwa mzee wa Kimaasai, mpole. Alinisalimia kwa lugha yao, "Takwenya," nami nikaitika "Iko" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Akanipima, akatazama ufizi kwa tochi. Akatazama mapaja. Akainama kabisa kutazama miguu, akamwita nesi, akamwonyesha vinyweleo. Vilikuwa vimejikunja kama waya, na kila kimoja kina kidoa chekundu shinani. Mimi sikuwa nimeviona.

Akaniuliza, "Jana ulikula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Chai na mkate."

"Na juzi?"

"Chai na mkate. Na uji."

Yule mama akadakia, "Daktari, huyu hagusi mboga. Mimi humpa nyanya zilizoiva sana zisiharibike dukani, anawapa watoto. Yeye hata moja."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Niko na alsa. Nikila hizo nitatoboka."

"Tangu lini hujala mboga wala tunda?"

Nilihesabu. "Kama miezi minane."

Aliweka kalamu chini. Mimi nikaona hiyo ndiyo saa yenyewe. Nikamwambia, "Daktari, usinizungushe. Niambie nimebakisha siku ngapi."

"Wewe unafikiri ni nini?"

Sikuweza kulitamka. Nilisema, "Ile ya bwanangu."

"Bwana yako alipimwa?"

"Hapana."

"Wewe umepimwa?"

"Hapana."

"Sasa ninyi wawili mlijuaje?"

Akasema lazima tupime damu, tuondoe hilo mezani. Nikasimama nitoke. Nilifika mlangoni. Nilikuwa nimeishi na hofu ile karibu miaka miwili, na bado niliona afadhali kuishi nayo kuliko kuambiwa. Mnanielewa, wale mliopita huko. Yule mama wa duka hakunishika mkono. Alisema akiwa pale pale kwenye kiti, "Dada, jana mtoto alitoka. Leo toka na wewe."

Nikarudi nikakaa. Nikanyoosha mkono.

Tulingoja kwenye benchi pale nje. Yeye na tasbihi yake, mimi na Zaburi ambayo nilikuwa naikumbuka vipande vipande. Sijawahi kungoja vile maishani. Mlango ulipofunguka, yeye na nesi wakaniinua, tukaingia.

Daktari akaniambia, "Hiyo unayoiogopa, huna. Na kwa kuwa naona huniamini, urudi baada ya miezi mitatu tupime tena. Lakini uko na ugonjwa. Uko na kiseyeye."

Neno hilo nililijua kutoka shuleni, mwalimu akisema ni ugonjwa wa mabaharia wa zamani waliokaa majini bila matunda. Nikamwambia, "Daktari, mimi sijawahi hata kuona bahari."

Akatabasamu kidogo. Akanieleza polepole, na mimi nitawaeleza kama nilivyoelewa, kwa sababu sikusomea udaktari. Alisema kuna vitamini, vitamini C, ambayo mwili wetu haujui kuitengeneza wala kuiweka kwa muda mrefu. Lazima tuile. Ndiyo inayoshikilia nyama na mishipa ya damu isivuje. Ikiisha, ufizi unavuja, ngozi inavuja, hata ndani ya misuli damu inavuja na kubana mishipa ya fahamu, ndiyo maana mguu wangu uliwaka na kufa ganzi. Akasema, "Na ubongo ndio unaoihitaji sana. Unajiwekea nyingi kuliko sehemu nyingine za mwili. Inaulinda usichakae, na inasaidia kutengeneza zile kemikali zinazokupa moyo wa kuamka na akili ya kukumbuka. Mwili ukiishiwa, ubongo hushikilia akiba yake mpaka mwisho. Kwa hivyo mpaka kichwa kianze kusahau, mama, mwili wako ulikuwa umekuonya muda mrefu."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo siingii wazimu?"

Akasema, "Una njaa. Unashiba kila siku na una njaa."

Ndipo nililia kilio ambacho si cha hofu.

Alinipa tembe za vitamini. Akaniambia nianze na papai, ndizi, sukuma isiyopikwa mpaka ikafa, baadaye chungwa. Na ile alsa akaitibu kwa dawa za vijidudu, wiki mbili, nikamaliza. Kumbe ilikuwa na dawa siku zote. Kumbe nilikuwa nakimbia nyanya.

Sitawadanganya kwamba nilipona kesho yake. Papai la kwanza nililila, nikakaa nikisubiri tumbo litoboke. Halikutoboka. Damu ya ufizi iliacha kutoka ndani ya siku chache, na hiyo ilinishangaza mno. Uchovu ulichukua wiki. Mguu ulichukua miezi, na hata leo kwenye baridi nyayo inanikumbusha. Lile jino lilitoka. Kichwa kilirudi kidogo kidogo. Siku moja kazini nilishona kola za asubuhi nzima, nikagundua nimekuwa nikiimba. Nikanyamaza nikatazama huku na huku kama mwizi.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi Kajiado. Nilipima tena, na jibu likawa lile lile. Kilichomuua mume wangu sijui mpaka leo. Nimejifunza kusema sijui.

Barua ya Embulbul niliichoma, na binti yangu akiona. Nilimwomba msamaha wa lile kofi. Akaniambia, "Ni sawa, mama." Haikuwa sawa, lakini alinisamehe.

Namshukuru yeye kwanza, kwa sababu alisema siri yangu kwa mtu mzima wakati mimi mtu mzima nilishindwa. Namshukuru yule mama wa duka, ambaye hakuwa wa kabila langu wala wa dini yangu, na alitazama mdomo wangu bila kurudi nyuma. Namshukuru yule daktari, ambaye kabla ya kuniuliza habari za mume wangu aliniuliza jana nilikula nini.

Na fundisho, kama mtanikubalia. Sisemi machungwa yanatibu kila kitu. Wako ndugu zetu hapa wanaotumia dawa kila siku kwa ile niliyodhani ninayo. Msiziache kwa sababu ya papai, nawasihi. Wako wazee wanaosahau kwa sababu nyingine. Mguu ukifa ganzi, nenda uangaliwe, usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Ninachosema ni hiki: mtu akikukataza chakula, muulize daktari kwa nini, na kwa muda gani. Na usiwatengee watoto sahani yenye mboga ukajitengea wewe iliyo tupu ukaita huo ni upendo. Hofu haijawahi kumpima mtu damu. Mimi iliniambia uongo kila siku, na karibu inipokonye mtoto.

Nimemaliza. Tukifunga sitaondoka haraka, nitakuwa kwenye ile benchi ya nyuma. Kama kuna mmoja hapa anayecheka amefunga mdomo, aje akae karibu na mimi. Hahitaji kusema kitu kwanza.